Swali la Chura

Gunia likilowa mvua lina harufu yake. Ni harufu ya mkonge na ya mahindi ya mwaka jana, imechanganyika na jasho la aliyejifunika. Juzi hapa Yamumbi mvua ilinikuta uani nikianua mahindi, nikajitupia gunia kichwani kama zamani na kukimbilia ndani. Pale mlangoni, kabla sijalivua, ile harufu ikanishika. Nikasimama maji yakinichuruzika mpaka mjukuu wangu akauliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, nakumbuka tu. Akaniangalia vile vijana wanavyotuangalia siku hizi.

Nyinyi wa rika langu mnalijua koti hilo. Unasukuma pembe moja ya gunia iingie ndani ya nyingine, unalivaa kichwani, linashuka mgongoni, na mvua ya Agosti ya Eldoret inakukosa kidogo. Darasa la baba yangu kila Agosti lilijaa magunia hayo. Yalitundikwa kwenye misumari ukutani yakidondosha maji sakafuni, na chini yake walikaa wanafunzi wakubwa wa sekondari kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya kanisa pale lokesheni, mtaa wa Waafrika. Alitoka Maragoli kijana mbichi kutafuta kazi kwenye kiwanda cha miwati, kanisa likagundua kwamba anasoma vizuri, likampa chaki. Sekondari hakufika, na hakulificha jambo hilo. Siku zile mji wetu haukuwa na sekondari ya Waafrika. Wachache waliobahatika walipanda treni kwenda shule za mbali, wakarudi likizo wamevaa viatu. Lakini wengi wao wazazi wao walikaa kwenye mashamba ya Wazungu, na huko mzungu akimwona kijana mzima amekaa na kitabu, alimtuma kuchuma pareto. Kwa hiyo walikuja mjini, wakalala kwa ndugu na kwa watu wa kanisa, na mchana walikuwa kwa Baba.

Utauliza, mtu asiyefika sekondari aliwafundishaje wa sekondari? Hakuwafundisha. Yeye ndiye aliyekaa kwenye dawati, ubao akawaachia wao. "Mimi sikufika huko," alikuwa akisema, "nifundishe." Mwanafunzi anasimama na chaki, anaanza kueleza mambo ya joto au ya wafalme wa Uingereza, na Baba anauliza maswali ya mtu asiyejua. Na kweli hakujua, ndiyo ilikuwa nguvu yake. Kijana akitaka kupita juu juu, Baba alimwambia bila haya kwamba hajaelewa, arudie tena, mpaka kijana mwenyewe atambue kwamba kumbe naye alikuwa hajaelewa. Nimefanya kazi na walimu wenye digrii tangu wakati ule, na sijaona aliyemzidi Baba kwa hilo.

Waliomwendea kuuliza wachague masomo gani aliwauliza swali moja tu: kitabu gani unakifungua bila kutumwa? Wengine walijibu upesi, wengine walikaa kimya wakaona aibu. Na kuhusu mtihani alikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa. Hakuna swali la kuachwa. "Egzamina hana alama ya kumpa mtu aliyenyamaza," alisema, yaani yule msahihishaji wa mitihani. Sisi watoto wake ilitukuta vilevile. Ukikosea jibu ulisamehewa, lakini ukiacha nafasi tupu kwenye karatasi, ulikula kiboko.

Huyo Egzamina alinisumbua sana. Nilikuwa sijafika hata darasa la tatu, na kila siku nasikia Egzamina anataka hivi, Egzamina hapendi mwandiko mbaya, Egzamina ana hila. Nikajua ni mzungu, mkubwa kuliko Disii mtawala wa wilaya, na kwamba mwisho wa mwaka atashuka stesheni na masanduku yake kuja kuwatazama wanafunzi mmoja mmoja. Nilifagia uwanja wetu vizuri kuliko nilivyotumwa kwa sababu yake. Mama alinisifu kwa bidii, nami sikumwambia sababu.

Likizo ninayoizungumzia, Chebet alilala kwetu. Alikuwa msichana pekee katika darasa la Baba, Mnandi wa upande wa Soy, anayesoma shule ya wasichana ya mbali kule karibu na Nairobi. Mama yake alikufa akiwa mdogo, baba yake alikuwa mchungaji wa ng'ombe wa kaburu mmoja, na aliyemlea ni shangazi yake, dada ya baba yake, mjane aliyerudi kukaa kwa kaka yake. Alimwita Senge. Nasi Wamaragoli shangazi tunamwita hivyohivyo, kwa hiyo nyumbani kwetu sote tulimwita Senge kabla hata ya kumwona. Chebet alilala kitanda kimoja nami. Alikuwa mrefu, miguu yake ilitokeza nje ya blanketi, na asubuhi alisuka nywele zangu huku akisoma kitabu alichokiegemeza kwenye sufuria. Nilimpenda kuliko dada zangu wa kuzaliwa, na wao walijua.

Shule yake ilimpa likizo ile ya kuamua. Akirudi alitakiwa aseme mtihani wa mwisho atafanya Bayolojia au Sayansi ya Nyumbani, yaani kupika, kushona na kutunza watoto. Mtu aliyetaka kusomea mambo ya hospitali, yale ya juu, alihitaji Bayolojia. Baba alipomwuliza ni kitabu gani anakifungua bila kutumwa, Chebet hakufikiri hata kidogo. Alisema anapenda kujua kilichomo ndani ya kitu. Mmea, mdudu, jicho la ng'ombe, alitaka kuona ndani. Baba akasema basi shauri limekwisha, Bayolojia.

Halikuwa limekwisha. Kulikuwa na kijana mmoja Mbukusu aitwaye Wafula, anayesoma shule ya wavulana, mcheshi, msema yote. Yeye ndiye aliyemweleza Baba kwamba Bayolojia ina mtihani wa mikono, wanaita praktiko. Unawekewa mnyama aliyekufa juu ya ubao, unampasua, unamfunua kwa pini, unachora ulichokiona na kukitaja majina. Mara nyingi ni chura, mara nyingine panya. Baba alikuwa hajasikia jambo hilo. Lilimpendeza mno, kwa sababu hapo hakuna wa kudanganya. Siku ileile akamtuma Wafula mtoni Sosiani na debe.

Wafula alirudi na vyura debe zima. Baba akatia maji kidogo na majani, akafunika kwa bati lenye matundu, akaliweka debe jikoni kwetu ili lisiibwe shuleni. Mama alilalamika, lakini Mama alilalamika kila kitu cha shule kilipoingia jikoni kwake. Mimi nilimwona Chebet. Alikuwa anakata sukuma wiki mlangoni. Alipoona kilichomo kwenye debe, aliweka kisu chini, akaenda kukaa upande wa pili wa nyumba. Tangu hapo hakuingia jikoni. Alinituma mimi maji, alinituma chumvi, na akala nje. Kumwambia mwalimu, mtu mzima aliyemlaza kwake, kwamba amekosea, hilo hakuliweza. Mimi nilidhani anaogopa vyura kama mimi nilivyoogopa kinyonga.

Na vyura wenyewe nilijua ni wa nini. Walikuwa mboga ya Egzamina. Nilishasikia kwamba Wazungu wengine hula wadudu wa ajabu, na sikuona sababu nyingine ya kuwatunza vizuri hivyo.

Kabla Baba hajawatoa vyura kwenye debe, Senge alikuja. Ilikuwa Jumamosi. Alipanda lori linaloleta krimu ya maziwa mjini kutoka mashambani, akaja kuona ni watu gani wanaomweka binti yake. Alikuwa mwanamke mwembamba, masikio yake yametobolewa yakalegea, na begani amebeba kibuyu cha maziwa kimefungwa kwa ngozi. Mji wetu hakuuita Eldoret. Aliuita Sisibo, kama wazee wao wote. Mama alimkaribisha akae, akamwambia watu wako darasani, watarudi sasa hivi. Kabla hajakaa, chura mmoja akalia jikoni. Wenzake wakamjibu.

Senge aligeuka. Akauliza kwa mkono tu kama anaweza kuingia, Mama akamwambia aingie, huku akinong'ona kwangu kwamba leo tumeaibika. Mimi nilimfuata yule mgeni. Alifunua bati, akatazama kwa muda. Halafu akaanza kuzungumza nao kwa Kinandi, polepole, sauti ya mtu anayewasalimia jamaa wa ndoa. Akafungua kibuyu, akawamiminia maziwa kidogo ndani ya debe, akafunika tena vizuri kuliko Wafula alivyofunika.

Alipotoka uso wake ulikuwa umebadilika. Akamshika Mama mikono yote miwili.

"Mama, nyinyi ni watu muzuri," alisema. "Hii ni watu yetu. Ukoo yangu na ya Chebet. Wakiingia nyumba, sisi naambia wao wakunywe maziwa, halafu waende. Lakini kuwekea wao maji na majani, hapana. Hata sisi hatujafanya hivyo."

Mama alisema asante. Halafu akanituma mbio darasani nimwite Baba, na akasema kwa Kimaragoli, ili mgeni asielewe, kwamba nimwambie aje na maneno yake yote aliyonayo.

Baba alikuja na darasa likamfuata. Senge alimsalimia kama mtu anavyomsalimia mkwe mwema. Alimsifu. Akaeleza upya habari ya maji na majani, akauliza ni nani aliyemfundisha kuheshimu ukoo wa watu wengine, maana Wakristo wengi husema hayo ni ya shetani. Baba, ambaye sikuwahi kumwona akikosa neno, alikohoa. Akaangalia viatu vyake. Wafula, ambaye naye hakuwahi kukosa neno, alijificha nyuma ya mwenzake. Ingekuwa rahisi sana kupokea sifa ile na kunywa chai. Senge angepanda lori lake la krimu jioni akiwa na furaha, na nadhani Baba alikuwa karibu kufanya hivyo, kwa huruma.

Chebet ndiye aliyesema. Alipiga magoti mbele ya shangazi yake, akazungumza kwa Kinandi, si kwa kirefu. Sikuelewa ila maneno mawili, Bayolojia na Egzamina. Senge alisikiliza mpaka mwisho. Akafunga kibuyu chake, halafu akamgeukia Baba.

"Mwalimu, hii masomo haina nyama ingine?"

Baba akamwambia kuna panya pia, lakini anayechagua si yeye, ni Egzamina.

"Basi mimi nasema mbele ya nyinyi," alisema Senge. "Kusoma asome. Akikata hii watu yetu, mimi sitapiga yeye. Sitalaani. Atalala kwangu, atakula kwangu. Lakini maziwa ya mukono yake, mimi sikunywi tena."

Hakupandisha sauti. Nilikuja kuelewa ukubwani alichokisema. Kwao mtoto aliyelelewa ndiye anayemtilia mzazi maziwa. Ndivyo mzazi anavyojua kwamba hakulea bure. Chebet alikuwa amemtilia Senge maziwa tangu alipoweza kuinua kibuyu. Wakati ule mimi nilielewa jambo moja tu, kwamba Chebet alikuwa bado amepiga magoti na machozi yanamtoka bila sauti.

Senge aliomba debe lirudishwe mtoni. Wafula alilibeba, safari hii bila mzaha, Senge akitembea ubavuni mwake kuhakikisha halitikisiki. Nyuma yao alikuja Baba na kofia mkononi, halafu Chebet, halafu darasa zima limevaa magunia kwa sababu ya manyunyu, na sisi watoto mwisho. Watu wa lokesheni walitoka nje wakavua kofia. Walidhani tunazika.

Wakati wa kurudi nilimshika Chebet mkono. Nilikuwa nimeshayapanga mambo kichwani: watu wa ukoo wake wakifa wanageuka chura, ndiyo maana Senge aliwasalimia. Nikamwuliza mama yake alikuwa yupi kati ya wale. Alisimama akaniangalia, nikadhani nimemuudhi.

"Mama hakuwa wa chura," alinijibu. "Mimi nafuata ukoo wa baba. Mama alikuwa wa ndovu."

Nilienda kulala siku hiyo nimechanganyikiwa zaidi kuliko nilivyoamka.

Baba alikuwa mtu wa kanisa sawasawa, na mwanzoni alilichukua jambo kikanisa. Jioni ya kesho yake, mezani, alimwambia Chebet kwamba chura ni chura, Mungu alimuumba mtu awatawale wanyama wote, na hakutaja ubaguzi. Chebet alijibu ndiyo, Mwalimu. Baba akasema, lakini kama moyo unasumbuka, basi Sayansi ya Nyumbani nayo si mbaya, wasichana wengi huifanya. Chebet akasema kwa adabu kwamba kupika anajua, hahitaji kuulizwa na Egzamina. Mama alicheka. Halafu akaacha kucheka, akamgeukia Baba.

"Mimi nimeokoka kabla yako," alimwambia. "Kuku nawapikia nyinyi kila sikukuu. Umewahi kuniona nikila?"

Baba akasema si anasemaga tumbo lake halimpendi kuku.

"Tumbo!" alisema Mama. "Mama yangu hakula, na bibi yangu hakula, na mimi sili. Umewahi kunilazimisha kwa Biblia?"

Wanawake wa kwetu wa zamani hawakula kuku, mnajua. Sisi watoto tulikuwa tukigombania lile paja lake kila Krismasi bila kujiuliza kwa nini linabaki. Baba akamaliza ugali wake. Hakumhubiria Chebet tena, siku hiyo wala nyingine.

Likizo ilipokaribia kwisha Chebet alikuwa hajaamua. Alipunguza kula. Nilikuwa nikimkuta nyuma ya nyumba na kitabu kimefunguliwa kwenye ukurasa wa chura, hasomi, anatazama tu. Mimi niliomba kila jioni Egzamina augue huko aliko asifike. Nilimwuliza Chebet atakuja na treni gani, akaniambia hatakuja, anakaa Uingereza, anasoma karatasi tu. Sikumwamini. Mtu wa kumtesa Dada Chebet namna ile hawezi kuwa mtu wa kusoma karatasi tu.

Siku ya mwisho ya likizo Baba alimwita ubaoni. Tulikuwa watatu, mimi nikikaa chini kwa sababu sikufukuzwa. Safari hii alishika chaki mwenyewe. Aligawa ubao, huku mimea, huku wadudu, huku vitu vya kuangalia kwa darubini, na pembeni akaandika neno moja, chura. Akamwambia achague Bayolojia. Haya mengine yote watayasoma likizo baada ya likizo, mpaka ayajue kama njia ya kwenda kisimani. Panya akija, atampasua. Chura akija, na hapo Baba alisimama kidogo, akafuta lile neno kwa kiganja.

"Uliache," alisema.

Chebet alimwuliza kama amesikia vizuri.

"Uliache swali hilo. Kaa nalo, ulipite, ufanye mengine. Utafaulu bila hilo. Mimi nimesema."

Mimi niliyekuwa na alama za kiboko miguuni kwa sababu ya nafasi tupu nilikasirika kweli. Lakini nilimwona pia usoni. Kwake lilikuwa jambo gumu kutamka, kama vile angeambiwa ale mwezi mzima bila kuomba.

Chebet alirudi shule, akaandikisha Bayolojia. Mwaka uliofuata kila likizo alikuwa kwetu, na Baba alitimiza neno lake. Walisoma mpaka mimi nisiyejua kusoma Kiingereza nikajua sehemu za ua. Chura naye walimsoma, kwa kitabu. Baba alisema kujua si kukata, na praktiko si mtihani wote. Karatasi ya kuandika inaweza kumwuliza chura pia. Chebet alisimama ubaoni, akamchora moyo, ini na mapafu, akamfundisha Baba mpaka Baba akaelewa damu yake inavyozunguka. Kati ya michoro yake yote, huo ulikuwa mzuri kuliko wote. Baba alikataa ufutwe, tukaanza muhula nao ukiwa bado pembeni mwa ubao.

Mtihani ulipokwisha alishuka stesheni na kuja kwetu kwanza, kabla ya kwenda Soy. Mama alimpa chai. Baba, kama kawaida yake, alimtaka ataje maswali yote, moja moja, na alivyoyajibu. Chebet alitaja. Baba alitikisa kichwa kwa furaha, mpaka wakafika kwenye praktiko.

"Alikuja nani?"

"Chura, Mwalimu."

"Ukaliacha."

"Sikuliacha."

Mama aliweka birika chini. Chebet alikuwa amekaa wima, mikono magotini, na alizungumza kama anayejibu swali ubaoni.

"Nilifanya mengine yote kwanza, kama ulivyoniambia. Nikabaki na muda, na yeye yuko pale mbele yangu kwenye ubao. Niliangalia nikaona ndilo swali ninalolijua kuliko yote. Niliona haya kuliacha swali ninalolijua hivyo."

Baba hakumsifu, wala hakumlaumu. Alimwuliza kama Senge atajua. Chebet akasema atajua leo, kwa sababu atamwambia mwenyewe kabla hajaketi. Baba akavaa kofia yake amsindikize. Mimi nikalia mpaka nikachukuliwa.

Tulifika Soy jua likiwa bado juu. Senge alitukuta kwenye lango la zizi, na Chebet akamwambia palepale, wamesimama, ng'ombe wakipita katikati yao. Senge aliuliza swali moja. Baba alimwomba Chebet atufasirie baadaye, ndiyo maana nalijua. Aliuliza kama kabla ya kumkata yule chura alimwambia chochote. Chebet alisema alimwambia jina lake na la baba yake, ili chura ajue ni nani anayemkata.

Tuliingia ndani. Tulipewa ugali na mboga, na Senge mwenyewe akamimina maziwa, ya Baba, yangu, na ya Chebet, bila kumpunja. Halafu Chebet aliinuka kama alivyozoea, akachukua kibuyu kumtilia shangazi yake. Senge alifunika kikombe chake kwa kiganja. Hakumkasirikia, aliendelea kumwuliza Baba habari za safari, kiganja kikiwa palepale. Chebet alisimama na kibuyu kwa muda, kisha akakirudisha ukutani. Mimi nikanywa maziwa yangu yakanishinda katikati.

Majibu yalipofika alikuwa amefaulu, na Bayolojia ilikuwa juu ya masomo yake yote. Baba alilisoma jina lake kanisani. Alikwenda kusomea unesi wa juu, akarudi kufanya kazi hospitali hapahapa mjini, na alikuwa akienda Soy kila alipopata nafasi. Alilala kwa Senge, alimpikia, alimkatia kuni. Maziwa Senge alitiliwa na watu wengine.

Nilimsindikiza mara moja, nikiwa tayari msichana mkubwa ninayejiandaa kuchagua masomo yangu, na Wazungu bado wako mashambani kwao. Senge alikuwa mgonjwa wa kifua. Alikuwa amekataa kwenda hospitali, amekataa dawa ya mganga wa shamba, amekataa hata uji. Chebet alifika na mavazi yake ya kazi, akaosha mikono, akakaa ukingoni mwa kitanda. Akamimina dawa kwenye kijiko, ile nyeusi, chungu, akamwinua kichwa. Hakumbembeleza. Senge aliutazama mkono ule kwa muda mrefu, halafu akafungua mdomo, akameza, na akameza tena kijiko cha pili, akikunja uso.

Kisha akaita kwa nguvu alizobaki nazo, si jina la Chebet, jina la mtoto wa jirani aliyekuwa akicheza nje, amletee maziwa ya kutoa uchungu mdomoni. Mtoto akaja amekishika kikombe kwa mikono miwili, akiogopa kumwaga. Chebet aliinuka kitandani, akamwachia nafasi.